Mbwa Waliolelewa kwa Glavu

Wiki niliyorudisha funguo za kanili, mmoja wenu, vijana mnaobaki na mbwa, aliniuliza kitabu cha kazi yetu kiko wapi. Nikamwambia kipo kabatini, juu ya dawa za kupe, kimeandikwa kwa Kireno na kina picha. Ni kitabu kizuri. Ubaya wake ni mmoja, aliyekiandika hajawahi kuona msiro, ile dawa nyeupe ya mti wanayojipaka usoni wanawake wa kwetu. Basi haya ninayoandika ni zile kurasa alizozisahau. Msitegemee niwasimulie nilipandishwa cheo lini, kwa sababu mbwa hajui cheo, na maisha yangu yote ya kazi nimekaa na mbwa.

Kanili, kwa atakayeokota daftari hili asijue, ni banda la mbwa. Hivyo ndivyo tulivyoliita sote, watu wa pwani na watu wa bara, Waislamu na Wakristo. Nitaandika ya mwanzo tu. Yaliyokuja baadaye, hadi tukahamia Pemba, mji wetu wa Msumbiji si kile kisiwa, na mbwa wetu, mnayajua na hamhitaji kuyasikia kwangu.

Nilianza miaka ile gesi ilipopatikana baharini. Barabara ya kwenda Palma ilijaa magari meupe yenye bendera ndogo, na kwetu Olumbi kila mwenye mikono miwili alipeleka karatasi zake kuomba kazi. Mimi nilikuwa mjane, mtu mzima tayari, nikaomba jikoni. Karani wa kampuni ya ulinzi alizitazama karatasi zangu, akanitazama na mimi, kisha akauliza, "Dona, unaogopa mbwa?" Nikajibu siogopi. Ilikuwa kweli, maana marehemu baba alifuga mbwa wa kufukuza nguruwe shambani. Sikujua kwamba wanaume watano walikwisha kuulizwa swali hilo asubuhi ile na wote wakasema wanaogopa. Hawakuwa wakiogopa mbwa. Waliogopa watakavyosemwa msikitini.

Kambi yetu ilikuwa kati ya Olumbi na Palma, imezungushiwa waya. Njia ya wanawake wanaokwenda kisimani na kwenye mashamba ya mihogo ilipita ubavuni mwa waya huo, karibu kiasi cha kuombana chumvi. Kanili ilikuwa upande huohuo.

Aliyenipokea ni mestre Kosme, fundi mkuu wa mbwa, Mmakonde wa Mueda, Mkristo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Kazi ya mbwa alijifunza Maputo ujanani. Sikuwahi kumsikia akimfokea mbwa hata siku moja. Watu aliwafokea, tena bila kuchagua. Siku ya kwanza aliniingiza ndani ya banda la jike mkubwa aliyeitwa Rainya, akasema, "Kaa chini, mana," yaani dada. "Usifanye kitu."

"Nifanye nini sasa?"

"Nimesema usifanye kitu."

Nikakaa juu ya saruji kama robo saa, nikijiona mjinga. Rainya alikuja, akanusa viatu vyangu, akaenda kulala kivulini.

"Pronto, tayari," mestre akasema. "Yeye ameshakuajiri. Mimi sina neno."

Sasa niwaeleze mpango wangu, maana hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Kwetu mate ya mbwa hayaondoki kwa kuosha mara moja. Ni mara saba, na moja kati ya hizo kwa udongo. Nikaona dawa ni kutoguswa kabisa. Kila asubuhi niliingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikavua kapulana, kitenge changu cha kujifunga, na mtandio, nikanawa msiro usoni, nikavaa ovaroli, mabuti, kofia ya kazi na glavu ndefu za kufika kwenye kiwiko. Jioni nilivua yote na kurudi kuwa Zainabu. Waliajiriwa wanaume wawili baada yangu, mmoja wa Palma na mwingine wa kisiwani Macaloe. Walipouona mpango wangu waliupenda. Yule wa Macaloe hata alishonea glavu kwenye mikono ya ovaroli ili pasibaki upenyo. Sote watatu tulijisifu kwa usafi wetu, na mkuu wa ulinzi, mtu wa Beira tuliyemwita Shefe, naye akatusifu. Mwaka mzima ukapita na hakuna mbwa hata mmoja aliyeguswa na mkono mtupu wa mtu wa pwani. Mestre alikuwa akiwashika kwa mikono yake, lakini naye alivaa ovaroli na mabuti kama sisi.

Katika mwaka huo Rainya alizaa watoto wanne. Kwa kuwa kwetu si adabu kumpa mbwa jina la mtu, mestre aliwapa majina ya jikoni. Wangu alikuwa Limau, dume la manjano lenye masikio yasiyolingana, moja limesimama na jingine limelala. Nasema wangu ingawa alikuwa wa kampuni. Alinijua kwa mwendo wa mabuti yangu.

Mestre alitufundisha jambo ambalo ndilo kiini cha kazi yenu. Mtoto wa mbwa ana mlango kichwani. Unafunguka wiki ya tatu, macho na masikio yakishaanza kufanya kazi, na ikifika miezi mitatu hivi unaanza kufungwa. Kila anachokiona wakati uko wazi, kikapita bila kumuumiza, anakihesabu kuwa ni sehemu ya dunia. Asichokiona, kesho kikimtokea ni adui. Mbwa mwoga na mbwa mkali ni mbwa yuleyule. Tofauti ni kwamba mmoja amepata pa kukimbilia na mwingine amekosa.

Basi tulikuwa na orodha ukutani, imetoka mbali pamoja na kitabu. Jenereta, mwavuli, bati linalogonga, baiskeli, mtu mrefu, mtu mwenye ndevu, mtu mwenye kofia, mtu mwenye miwani. Tulileta kila kitu, polepole, kwa mbali kwanza, na dagaa mkavu mkononi. Tulileta madereva, mafundi, wapishi, mainjinia. Tulitia alama ya tiki kila mahali mpaka karatasi ikajaa. Hakuna aliyeona kwamba watu wote hao, warefu kwa wafupi, wenye ndevu na wasio nazo, walivaa ovaroli na mabuti.

Limau alipofikisha kama miezi kumi, ikaingia Idi. Nilikuwa na ruhusa. Asubuhi, nimeshapaka msiro, nimevaa kapulana mpya na nimejifukiza udi, nikaletewa habari kwamba mlinzi wa zamu ameugua na mbwa hawajanyweshwa. Jua lilikuwa kali. Nikasema nitakwenda mara moja, niwawekee maji, nirudi. Sikupita kwenye chumba cha nguo.

Nilifungua mlango wa Limau nikimwita jina. Alirudi nyuma hadi ukutani, manyoya ya mgongo yamesimama. Nikadhani anacheza. Nikamwambia, "We Limau, mimi huyu," nikamnyoshea mkono. Akaung'ata, akauachia, akajikunyata pembeni akitetemeka na kujikojolea.

Nilibaki nimesimama, damu inadondokea kapulana ya Idi, na hata sikusikia maumivu kwanza. Nilikuwa nikimtazama usoni na kuona kwamba hanijui. Uso wangu ulikuwa mweupe kwa msiro, nguo zangu zilikuwa zikipepea, na mkono niliomnyoshea ulikuwa kitu ambacho hajawahi kukiona. Miezi kumi nimemlisha, nimemfuta matongo, nimemtoa kupe masikioni, na hakuwahi kuona mkono wangu.

Mestre alipoitwa alikuja akanifunga kitambaa. Kesho yake aliwatoa wale watatu wengine kwa kamba, akasimama nao karibu na waya wakati wanawake wanapita kwenda kisimani. Alitaka kujua ugonjwa umefika wapi. Mafundi walipita, mbwa wametulia. Wanawake walipotokea, wenye kapulana, wenye msiro, wenye ndoo kichwani, mbwa wote watatu waliurukia waya kwa mpigo. Wanawake walikimbia. Mmoja, mke wa mtoto wa shangazi yangu, alianguka na ndoo yake akateguka mkono.

Tangu siku hiyo wanawake waliiacha njia ile. Walizunguka kwenye matope ya mikoko, mwendo wa saa nzima zaidi, na ndoo kichwani. Shangazi Mwanaisha, dada yake baba, ambaye ndiye mkubwa wa wanawake mtaani kwetu, alimfuata Shefe hadi getini akiwa na wenzake.

"Mbwa wenu wanachagua watu?" aliuliza. "Wanaume wa kambi wanapita, sisi wenye njia yetu tunaliwa?"

Shefe hakuwa mtu mbaya. Alisikiliza mpaka mwisho, akawaomba radhi, akawaahidi mbele yetu sote. Aliyeng'ata atachomwa sindano ya kumwua na daktari wa mifugo. Wale watatu watahamishiwa kwenye ghala la ndani. Na watoto watano ambao Rainya alikuwa amewazaa juma lile lile watapewa nafasi moja. Wakifika miezi minne watatolewa kwenye njia ya kisimani, mbele ya wanawake wenyewe. Akipatikana hata mmoja wa kuwatisha, daktari atarudi kwa ajili ya wote watano, na kanili itafungwa.

Shefe alikuwa ameniuliza faraghani kama ni Limau aliyening'ata au ni waya ulionikata. Alinipa nafasi ya kusema uongo, nilimwona. Nilisema kweli. Nisingesema kweli, kesho angeng'ata mtoto wa mtu, lakini hilo halikunisaidia kitu usiku huo wala siku zilizofuata.

Daktari alikuja kutoka Pemba. Nilimshika Limau mwenyewe. Nilivaa ovaroli, mabuti na glavu zangu zote, na siku ile nilizivaa kwa ajili yake, si kwa ajili yangu, ili aondoke na mtu anayemjua. Aliweka kichwa juu ya goti langu. Nililia, na sioni haya kuliandika. Mestre alisema, "Kosa ni letu, mana. Yeye tulimfundisha nusu ya watu." Sijapata maneno bora kuliko hayo ya kuwaachia nyie.

Kesho yake nilikwenda kwa Mwalimu Anlawe, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani karibu na msikiti. Nilimweleza kwamba watoto watano wa mbwa watakufa kama hawatazoea mikono na nguo zetu, na kwamba nimekwama.

"Mbwa mkavu, mkono mkavu?" aliuliza.

"Mkavu."

"Hapo hapana kitu. Akilamba?"

"Atalamba, Mwalimu. Ni mtoto."

"Basi osha. Nani kakwambia maji yamekwisha duniani?"

Nilitoka pale nikijicheka. Mwaka mzima nilijizuia jambo ambalo dini haikunizuia. Ilinipa kazi ya kuosha tu, na mimi nikaikwepa kazi nikaiita ucha Mungu.

Watoto wa Rainya walipoanza kuona, mtu waliyemwona mbele yao alikuwa mwanamke mwenye kapulana, msiro usoni, mikono mitupu. Nilikaa chini, sikufanya kitu, kama nilivyofundishwa. Wakanipanda mapajani, wakanusa, wakalamba. Nikiondoka nilikwenda kwenye ndoo ya udongo na maji, mara saba. Kuna siku nilirudia kuosha asubuhi, adhuhuri na alasiri mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, nikawa nalala na mafuta ya nazi mikononi. Wenzangu wawili nao hawakubaki nyuma. Yule wa Palma alikuja Ijumaa na kanzu na kofia yake, akakaa na watoto kabla ya kwenda kuoga kwa ajili ya sala. Yule wa Macaloe alikata zile glavu alizozishonea, akaja na wavu wake wa samaki begani na dema mkononi, ili wazoee harufu na umbo. Orodha ya ukutani tuliichana, tukaandika nyingine kwa Kiswahili, na mstari wa kwanza ulisomeka: mwanamke mwenye ndoo.

Huyo mwanamke mwenye ndoo ndiye hakuwepo. Mimi ni mmoja, na mtoto wa mbwa akimzoea mtu mmoja amezoea mtu mmoja. Wengine wote walikuwa kwenye matope ya mikoko. Nikaenda kwa shangazi. Nilimkuta anasaga msiro juu ya jiwe.

"Shikamoo shangazi. Nimekuja na haja."

"Marahaba. Kama haja yako ina mkia, rudi nayo."

"Ina mikia mitano, shangazi. Wana wiki tano tangu kuzaliwa. Wakikosea watachomwa sindano wote."

"Na mkwe wangu aliyeteguka mkono, yeye ana wiki ngapi?"

"Kosa lilikuwa letu tuliowalea wale wa kwanza. Walikuwa hawajamwona mwanamke."

Aliacha kusaga. "Hawajamwona mwanamke? Na mama yao je?"

"Mwanamke wa watu, shangazi."

Alicheka kidogo, kisha akauweka mti wa msiro chini na kuuokota tena. Niliona anapigana na jambo fulani, nikafikiri ni najisi, nikaanza kumweleza habari ya mkavu kwa mkavu. Akanikata. "Hayo nayajua kabla yako. Nitapita. Sitawashika, sitawaita, sitacheka nao. Nitapita tu, na wenzangu nitawaleta."

Nilimpelekea mestre habari hizo kwa unyonge, kwamba watapita tu. Mestre alipiga makofi. "Epa! Hiyo ndiyo dawa yenyewe!"

Hapa msome taratibu, maana ndipo wengi wenu mnapokosea. Mnadhani kumzoesha mtoto wa mbwa ni kumpa kila mtu ambebe. Mainjinia wetu walikuwa hivyo. Walichuchumaa, wakapiga kelele za kubembeleza, wakamnyanyua mtoto juu miguu ikining'inia, na yeye akajifunza kwamba watu hukamata. Mtu anayepita zake, asimkazie macho, asimnyoshee kitu, humpa mtoto nafasi ya kutazama na kuamua mwenyewe. Wanawake wa pwani wanaokusanya pindo la kapulana lisiguswe na pua ya mbwa walikuwa walimu bora kuliko mainjinia wote wa kambi.

Tulianza kwa mbali, hatua thelathini kutoka njiani. Watoto walikuwa hawajamaliza chanjo, kwa hiyo hatukuwakanyagisha ardhi wanayopita mbwa wa mitaani. Tuliwatoa kwa toroli, tukawatandikia mkeka. Mwanamke akitokea, dagaa anatoka mfukoni. Mwanamke akipotea, dagaa anaisha. Dakika chache tu, kisha nyumbani kwa mama. Likaririni hili: mtoto akijilamba midomo na hakuna chakula, akipiga miayo na hana usingizi, akirudisha uzito nyuma, au akikataa dagaa anayempenda, umekwenda karibu mno. Rudi nyuma hatua kumi, wala usione aibu.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi niliona aibu. Wanne kati ya watano walikwenda vizuri. Wa tano, Kaju, mdogo kuliko wote, alikuwa akijificha nyuma ya ndugu zake kila ndoo ilipotokea. Siku zilikuwa zinakwenda. Asubuhi moja nikamsogeza kwa nguvu, nikaweka mkeka karibu na njia nikijiambia atazoea tu. Ndoo iligonga, maji yakamwagika, Kaju akalia kama amekanyagwa. Siku tatu hakula dagaa mbele ya mwanamke yeyote. Mestre alinifokea mpaka mbwa wakubwa wakasimama kutazama. Tukarudi naye hatua thelathini, tukaanza upya, na siku tulizopoteza hazikurudi.

Aliyenisaidia zaidi wakati huo ni shangazi. Tulikuwa tumechora alama mchangani, na kila asubuhi alifika pale akasimama ubavu, ndoo kichwani, mkono mmoja umeshika pindo la kapulana, macho yako mbali kwenye mihogo, midomo ikisoma dua. Hakutikisika hata Kaju alipobweka. Wenzake walikuwa wakiruka na kucheka, yeye aliganda. "Mtazameni bibi yule," mestre alituambia. "Hana wasiwasi hata kidogo. Angekuwa mtu wa kazi hii." Nami nilijivuna, nikasema ndivyo tulivyo ukoo wetu.

Miezi minne ikatimia. Shefe alikuja na karatasi na kalamu, akasimama kando ya njia pamoja na mestre. Wanawake kama kumi walipanga mstari na ndoo zao, wengine na msiro, wengine bila, mmoja na mtoto mgongoni. Nilimtoa wa kwanza kwa kamba. Alitazama, akatikisa mkia, akaketi. Shefe akaandika. Wa pili, wa tatu na wa nne wakafanya hivyohivyo, na mmoja alipitiwa na usingizi palepale juu ya kiatu changu.

Kaju nilimweka mwisho. Nilishika kamba kwa ulegevu, maana kamba iliyokazwa humwambia mbwa kwamba kuna hatari. Wanawake watatu walipita salama. Shangazi akawa wa nne. Alipofika kwenye alama, ndoo yake ikalia kwenye mpini. Kaju alikakamaa. Manyoya ya shingoni yakasimama, akarudisha uzito nyuma, akanguruma, mara moja, chini kwa chini. Nikaiona kalamu ya Shefe ikinyanyuka.

Shangazi hakusogea. Mimi sikumvuta Kaju wala sikumwita. Kisha Kaju akaja nyuma ya mguu wangu, akakaa, akatetemeka, na nilipomshushia dagaa akamchukua mkononi kwa midomo ya mbele tu.

Shefe alisema, "Huyu amenguruma. Mana Zainabu, umesikia mwenyewe. Niliwaahidi watu hawa."

"Nimesikia, Shefe."

Akaitazama karatasi, akawageukia wanawake. "Bibi, malalamiko yalikuwa yenu. Huyu mnamwonaje?"

Shangazi aliitua ndoo. Hapo ndipo nilipoiona mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka kiasi kwamba maji ndani ya ndoo yalikuwa bado yanacheza baada ya kuiweka chini. Nikaelewa ni nini alichokuwa akipigana nacho siku ile kwenye jiwe la msiro, na kwa nini aliganda kila asubuhi pale kwenye alama tukamsifu kwa utulivu.

"Huyu mwoga tu," alisema. "Na mimi mwoga wa mbwa tangu nizaliwe. Kila asubuhi nikifika hapa miguu inaniisha. Nimekuja hivyohivyo na uoga wangu, na yeye kaja na wake, na hakuna aliyemla mwenziwe. Mbona mimi hamjaniitia daktari wa sindano?"

Shefe aliweka tiki ya tano kwenye karatasi yake, akaikunja, akaitia mfukoni. Mestre Kosme aligeuka akawa anaangalia waya. Mimi nilikaa palepale mchangani, Kaju akanilalia mguuni, na shangazi akaketi kando ya ndoo yake iliyojaa maji, mahali alipokuwa, hatua nne kutoka kwetu, na sote watatu tukangoja mpaka mtetemeko ulipokwisha.